GUNZI LA MAHINDI LAWEZA KUTOA NURU

Mavuno yamekwisha. Katika vijiji vya Songea watu wanapukuchua mahindi. Wengine wanatumia mikono. Wengine wanatia mahindi katika magunia na kuyapiga kwa fimbo. Wengine wamekodi mashine. Punje zinakwenda kuhifadhiwa. Pembeni linabaki lundo kubwa la magunzi, na huko shambani yamebaki mabua.

Muulize mzee yeyote, "Magunzi haya ni ya nini?" Huenda atakujibu hivi: "Ni takataka tu, mwanangu. Kidogo tutawashia moto jikoni. Yanayobaki tutayachoma."

Jibu hilo tumelizoea. Lakini je, ni kweli gunzi ni takataka?

Ndugu msomaji, leo tuchukue gunzi moja tu, tulifuate linakokwenda. Tutaona kwamba gunzi lina njia 3. Njia ya kwanza ni ya majivu. Njia ya pili ni ya mkaa. Njia ya tatu ni mpya, na wengi wetu hatujaisikia. Katika njia hiyo gunzi hugeuzwa kuwa chembe ndogo mno zinazotoa nuru. Nuru hiyo yaweza kumwonya mtu kwamba maji ya kunywa yana sumu.

KILICHOMO NDANI YA GUNZI

Chukua gunzi kavu ulivunje. Utaona ni gumu nje, na katikati ni laini kama sifongo. Ukilipima kwa mizani, karibu nusu ya uzito wake ni kitu kimoja kinachoitwa kaboni.

Kaboni unaifahamu, hata kama jina lake ni geni. Mkaa ni kaboni. Masizi yaliyoganda chini ya sufuria ni kaboni. Makaa ya mawe yanayochimbwa Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, sehemu yake kubwa ni kaboni. Hata ile nyeusi iliyo ndani ya kalamu ya risasi unayoandikia darasani ni kaboni. Tunaiita risasi, lakini si risasi.

Mhindi ulipata wapi kaboni hiyo? Wengi hudhani mmea hula udongo. Sivyo. Kutoka katika udongo mmea hupata maji na chumvichumvi. Kaboni huipata hewani. Majani huvuta hewa ya ukaa. Kwa nguvu ya jua mmea huichanganya na maji, ukajijengea mwili. Kwa hiyo gunzi ni hewa na maji vilivyofungwa pamoja na jua.

Je, kaboni hiyo imefungwaje? Fikiria nyumba ya miti iliyokandikwa udongo. Kwanza mjenzi hufunga fito. Halafu hukandika udongo kati ya fito, na ukuta unakuwa imara. Gunzi nalo limejengwa hivyo. Fito zake ni nyuzi ndogo sana. Nyuzi hizo huitwa selulosi. Mtaalamu wa Ufaransa, Anselme Payen, aliitambua selulosi mwaka 1838. Udongo wake ni gundi ngumu iitwayo lignini. Gundi hiyo ndiyo inayofanya gunzi na mti visiwe laini kama mboga.

Ukuta huo ni mgumu kuubomoa. Maji hayauyeyushi. Loweka gunzi ndani ya ndoo kwa siku nzima. Litalowa, lakini litabaki gunzi. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia.

NJIA YA KWANZA: MAJIVU

Njia hii ndiyo tunayoitumia zaidi. Mtu hukusanya magunzi na mabua, akayatia moto mahali pa wazi. Hewa ipo tele. Kaboni hukutana na hewa hiyo, ikaungua, ikarudi angani kuwa hewa ya ukaa. Kazi ya miezi mingi ya jua na mvua hupotea kwa dakika chache. Kinachobaki ni majivu kidogo, na upepo ukija huyapeperusha.

Hasara haiishii hapo. Wakati wa kiangazi nyasi ni kavu na upepo ni mkali. Moto wa shamba hautambui mpaka. Huruka ukaingia shamba la jirani, halafu ukaingia msituni. Sisi wa Songea tunajua maana yake. Karibu na mji wetu iko milima ya Matogoro, na huko ndiko mto Ruvuma unakoanzia. Msitu wa milimani ukiungua, chemchemi zake hudhoofika. Mto ule ule uliotoa jina la mkoa wetu ndio unaoumia.

Wazee wetu wengine walilitambua jambo hili zamani. Nenda Umatengo, Wilaya ya Mbinga, uone mashamba ya ngolo. Wamatengo hulima kwenye miteremko mikali. Hawachomi nyasi. Wanazifyeka, wanazipanga chini katika mistari inayokatana kama vyumba vya mraba, kisha wanazifukia kwa udongo unaochimbwa katikati. Hivyo panakuwa na shimo katikati na tuta kila upande. Mashimo yanazuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Juu ya matuta wanapanda maharage, na msimu mwingine mahindi. Kilimo hiki kina umri wa zaidi ya miaka 100. Wazee hao hawakulijua neno kaboni, lakini walijua kwamba nyasi haifai kupotea bure.

NJIA YA PILI: MKAA

Sasa chukua gunzi lile lile, ulitie moto, halafu ulinyime hewa. Je, itakuwaje?

Moto utaondoa maji na moshi. Lakini kaboni nyingi itakosa hewa ya kuunguzia. Itabaki. Gunzi litakuwa jeusi, jepesi na kavu. Huo ni mkaa. Mchoma mkaa anapofunika tanuri lake kwa udongo, anafanya kazi hiyo hiyo ya kunyima moto hewa.

Basi tofauti ya majivu na mkaa si gunzi. Gunzi ni moja. Tofauti ni hewa. Tutarudi kwenye mkaa mwishoni, kwa sababu kazi hiyo twaweza kuifanya wenyewe kijijini. Kwanza tuitazame njia ya tatu.

NJIA YA TATU: NURU

Mwaka 2004 wataalamu wa South Carolina, huko Marekani, walikuwa wakisafisha masizi yaliyotengenezwa kwa umeme. Walikuwa wakitafuta kitu kingine. Walipokuwa wakitenganisha uchafu, waliona sehemu moja ya uchafu huo inang'aa ilipomulikwa. Kumbe ndani yake mlikuwa na chembe ndogo sana za kaboni! Mwaka 2006 chembe hizo zilipewa jina. Kwa Kiswahili twaweza kuziita nukta za kaboni. Mwaka 2007 wataalamu wengine huko huko Marekani walizipata ndani ya masizi ya mshumaa wa kawaida.

Nukta ya kaboni ni ndogo kiasi gani? Tazama rula ya mtoto wa shule. Nafasi kati ya vistari viwili vidogo ni milimita 1. Ukizipanga nukta za kaboni katika mstari mmoja, nukta 100,000 zaweza kuenea katika milimita hiyo 1, na nyingine ni ndogo kuliko hapo. Jicho haliwezi kuiona nukta moja. Hata darubini ya shuleni haiwezi.

Lakini zikiwa nyingi ndani ya maji, unaona kazi yake. Mchana maji hayo yana rangi ya chai nyepesi. Hayana ajabu. Sasa yapeleke gizani, uyamulike kwa taa ile inayotumika benki na madukani kutambua noti bandia. Maji yanang'aa kwa rangi ya buluu au kijani. Taa hiyo inatoa miale ambayo jicho letu halioni vizuri. Nukta huipokea miale hiyo, kisha huitoa tena ikiwa nuru tunayoiona.

Mkaa nao ni kaboni. Kwa nini haung'ai hivyo? Ni kwa sababu ya ukubwa. Kitu kikifanywa kidogo mno, tabia yake yaweza kubadilika. Watu 3, Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi yao juu ya nukta za namna hii zilizotengenezwa kwa vitu vingine.

CHUMVI ILIYO MAJI

Sasa turudi kwenye gunzi. Tulisema ukuta wake ni mgumu na maji hayauyeyushi. Mtaalamu anayetaka kutoa nukta ndani ya gunzi lazima aubomoe ukuta huo kwanza. Atatumia nini?

Mojawapo ya vitu anavyoweza kutumia ni chumvi. Lakini si chumvi ya jikoni.

Chumvi ya jikoni imejengwa kwa vipande vya aina 2. Kila kipande huitwa ioni. Aina moja inaivuta aina ya pili, kama sumaku inavyovuta msumari. Vipande hivyo ni vidogo na vinapangana vizuri, kama matofali katika ukuta. Ndiyo maana chumvi ni ngumu. Ili kuiyeyusha kwa moto bila maji, unahitaji joto la digrii 801. Sufuria ya alumini itayeyuka kabla ya chumvi iliyomo ndani yake!

Lakini wataalamu waliweza kutengeneza chumvi nyingine ambazo vipande vyake ni vikubwa na vimepinda. Chukua viazi vitamu ujaribu kuvipanga kama matofali. Havipangiki. Kimoja kirefu, kimoja kimekunjamana. Chumvi ya namna hiyo haiwezi kushikana vizuri. Kwa hiyo inakuwa majimaji hata bila moto mkali. Mwaka 1914 Paul Walden, mwenyeji wa Latvia, aliandika juu ya chumvi inayoyeyuka katika digrii 12 tu. Leo chumvi zinazoyeyuka chini ya digrii 100, yaani kabla maji hayajachemka, huitwa vimiminiko vya ioni.

Kwa miaka mingi watu hawakuona kazi kubwa ya vimiminiko hivyo. Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kwamba baadhi yake huyeyusha selulosi. Ioni huingia kati ya nyuzi na kukata vifungo vinavyozishikamanisha. Ni kama mtu anayekata kamba za fito moja baada ya moja. Ukuta unabomoka.

Wako pia ndugu wa vimiminiko hivi ambao mkulima hatawaona wageni sana. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichanganya vitu 2. Kimoja ni kloridi ya kolini, ambayo hutiwa katika chakula cha kuku. Cha pili ni urea, ile ile tunayoijua kama mbolea ya kukuzia. Kila kimoja peke yake ni kigumu, na huhitaji moto mkali ili kiyeyuke. Lakini vikichanganywa kwa vipimo vinavyofaa huwa majimaji, na majimaji hayo hayagandi mpaka baridi ifike digrii 12. Urea ya shambani ina ndugu katika maabara!

JINSI KAZI INAVYOFANYIKA

Katika maabara kazi hufuata hatua hizi:

1. Gunzi, bua, ganda la mpunga au ganda la kahawa hukaushwa na kusagwa kuwa unga.

2. Unga hutiwa ndani ya kimiminiko cha ioni. Hupashwa moto na kukorogwa hadi ukuta wa nyuzi unapobomoka.

3. Mchanganyiko hutiwa katika chombo kilichofungwa na kupashwa moto zaidi kwa saa kadhaa. Mara nyingi joto huwa kati ya digrii 150 na 250. Vipande vya selulosi hukatika na kupoteza maji yake. Kaboni inayobaki hujikusanya katika chembe ndogo ndogo. Hizo ndizo nukta.

4. Mchanganyiko hupozwa na kuchujwa. Nukta hutengwa. Kimiminiko cha ioni hurudishwa ili kitumike tena.

Kimiminiko cha ioni hufanya zaidi ya kuyeyusha. Vingi vya vimiminiko hivi vina naitrojeni ndani yake. Naitrojeni hiyo yaweza kuingia katika nukta na kuzifanya zing'ae zaidi.

Tena vingi havigeuki mvuke kwa urahisi kama petroli au spiriti. Kwa hiyo fundi wa maabara havuti mvuke mwingi wa dawa, na kimiminiko hakipotei hewani.

NURU HIYO INA FAIDA GANI?

Mtu atasema, "Sawa, gunzi linang'aa. Mimi nitafaidi nini?"

Fikiria maji. Maji yenye matope unayaona na kuyaepuka. Lakini maji yenye zebaki au risasi yaweza kuwa meupe kabisa. Hayana harufu wala ladha ya kukuonya. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Zebaki hiyo ikimwagwa hufika mtoni, na samaki huila. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Watu walikula samaki, na ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walitetemeka, wakashindwa kuona na kusema. Watoto walizaliwa na ulemavu. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimejiunga na Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hapo ndipo nukta za kaboni zinapoweza kusaidia. Maji yenye nukta yanang'aa chini ya taa. Tia humo maji ya kisima. Kama hayana zebaki, nuru inabaki. Kama yana zebaki, ioni za zebaki hushika nukta na kunyang'anya nguvu yake. Nuru inafifia. Mtaalamu hupima imefifia kiasi gani, akajua sumu ni nyingi au kidogo. Kupima zebaki kwa mashine kubwa kunahitaji fedha nyingi na fundi aliyesomea. Nukta zaweza kuwa njia nyepesi ya kupima kwanza.

Lakini tusidanganyane. Nukta zinaonyesha tu. Haziondoi sumu. Tena madini ya chuma, ambayo hupatikana katika maji ya visima vingi, nayo yaweza kufifisha nuru. Kwa hiyo majibu lazima yahakikishwe katika maabara. Wala nukta za namna hii hazikuonyeshi vijidudu vya kipindupindu. Kwa vijidudu, dawa ni ile ile: chemsha maji ya kunywa. Lakini ujue pia kwamba kuchemsha hakuondoi zebaki wala risasi. Sumu hizo huzuiwa kwa kutozimwaga mtoni.

WATAALAMU WETU NAO WAMO

Usifikiri kazi ya namna hii ni ya nchi za mbali tu. Jirani zetu wa Tunduru wanalima korosho. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta mazito yanayobabua ngozi. Kila mbanguaji anayajua. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Egid Mubofu, walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini. Walitumia mafuta ya ganda la korosho na mafuta ya nyonyo, yaani mbarika, katika kutengeneza nukta zinazong'aa.

Nukta hizo hazikuwa za kaboni. Zilikuwa za madini ya kadimiamu, na mafuta hayo yalizivika kama ganda na kuzizuia zisigandamane. Lakini kazi hiyo ilionyesha jambo kubwa. Kitu kinachotupwa na mbangua korosho wa kusini chaweza kuingia katika sayansi ya juu kabisa, na chaweza kuingizwa humo na Waafrika wenyewe. Kadimiamu ni sumu. Hiyo ni sababu mojawapo ya wataalamu wengi duniani kupenda nukta za kaboni, zinazotokana na vitu kama gunzi na ganda.

MBONA HATUJAZIONA SOKONI?

Kwanza, nukta zinazopatikana huwa kidogo. Magunzi mengi hutoa nukta chache.

Pili, vimiminiko vya ioni vingi ni ghali kuliko magunzi yenyewe. Lazima virudishwe na kutumika tena mara nyingi. Kuvisafisha nako kunahitaji moto na maji.

Tatu, baadhi ya vimiminiko hivyo ni sumu. Vikimwagwa mtoni huua samaki. Ni ajabu gani kutengeneza kipimo cha kulinda maji, halafu ukayachafua maji kwa kazi hiyo hiyo?

Nne, magunzi hayafanani. Gunzi la shamba hili si sawa na la shamba lile. Nukta za leo zaweza kung'aa tofauti na za jana. Kipimo kinachobadilika hakiaminiki.

Kwa hiyo kazi hii bado iko zaidi katika maabara kuliko viwandani. Akija mtu kijijini akisema anauza maji ya kaboni yanayotibu magonjwa, msimnunulie. Na mtu asijaribu kupika urea na magunzi nyumbani. Mvuke wake waweza kumdhuru, na chombo kilichofungwa chaweza kupasuka.

KAZI YA LEO: MKAA WA MAGUNZI

Basi tungoje tu? Hapana. Njia ya pili iko mikononi mwetu. Kikundi cha watu wachache chaweza kuifanya hivi:

1. Tafuteni pipa la bati la lita 200. Lisiwe lililokuwa na dawa ya sumu wala petroli. Toboeni matundu chini. Juu toboeni tundu moja kubwa, na muwe na kifuniko chake.

2. Wekeni pipa juu ya mawe 3, mahali pa wazi, mbali na nyumba na nyasi. Lijazeni magunzi makavu.

3. Washeni moto. Kwanza utatoka moshi mzito mweupe. Ngojeni hadi moshi huo upungue na kuwa mwepesi.

4. Sasa nyimeni moto hewa. Funikeni juu. Ondoeni mawe ili pipa likae chini. Zibeni kila mahali kwa udongo au mchanga. Mahali panapotoka moshi ndipo panapoingia hewa.

5. Ngojeni saa 2 au zaidi, hadi pipa lipoe kabisa. Mkilifungua likiwa na moto, mkaa utawaka na mtapata majivu.

6. Twangeni mkaa. Uchanganyeni na uji mzito wa unga wa muhogo. Finyangeni vitonge kwa mkono au kwa kopo. Anikeni juani hadi vikauke.

Vitonge hivyo huwaka jikoni kama mkaa wa miti, na hakuna mti uliokatwa. Lakini tahadhari: jiko la mkaa wa aina yoyote lisiwekwe katika chumba cha kulala. Hewa yake haina harufu, na huua watu usingizini.

Msiyatoe mabua yote shambani. Mengine yabaki yafunike udongo, au yatiwe katika shimo la mboji. Udongo nao una njaa ya kaboni.

Ndugu msomaji, gunzi ni lile lile. Likichomwa ovyo linakuwa majivu. Likinyimwa hewa linakuwa mkaa. Likiingia mikononi mwa mtu mwenye elimu linatoa nuru. Huenda huyo mwenye elimu ni mtoto wako, anayesoma kemia katika shule ya sekondari ya kata. Msimu huu, kabla hujawasha kiberiti, litazame tena lundo lile.

MANENO MAPYA

Kaboni: kitu kilicho kingi katika mkaa, masizi na mwili wa kila mmea.
Selulosi: nyuzi ndogo zinazojenga mwili wa mmea.
Ioni: kipande kidogo sana cha chumvi kinachovuta au kuvutwa na kingine.
Kimiminiko cha ioni: chumvi iliyo majimaji chini ya digrii 100.
Nukta ya kaboni: chembe ndogo mno ya kaboni inayotoa nuru inapomulikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mmea hupata wapi kaboni yake?
2. Kwa nini gunzi moja laweza kuwa majivu au mkaa?
3. Kwa nini maji hayayeyushi gunzi, lakini baadhi ya vimiminiko vya ioni huweza kuyeyusha selulosi yake?
4. Kuchemsha maji kunaondoa nini, na hakuondoi nini?
5. Katika kijiji chenu, magunzi na mabua ya msimu uliopita yalikwenda wapi? Msimu huu mtayafanyia nini?